Shangazi, akili mnemba niifurahie au niiogope?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, nina watoto wawili, na nina steshenari Sinza, huu mwaka wa 11. Nachapa, natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti za wanachuo, naandika barua za kuombea kazi, najazia watu fomu za Bodi ya Mikopo, za ajira za serikalini na za kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA. Msimu wa Bodi ya Mikopo ukianza, saa nne usiku bado kuna wazazi kwenye benchi langu wamekumbatia bahasha za kaki. Kwa duka hilohilo nimesomesha, nimejenga vyumba viwili Goba, na mama yangu nilimuuguza mpaka siku yake ya mwisho bila kukopa. Naipenda kazi yangu.

Mambo yalianza kubadilika kimyakimya. Nilikuwa na wateja wa kutafsiriwa, shilingi elfu tano kwa ukurasa: barua za shule kwenda kwa wafadhili, maelezo ya miradi ya vikundi vya akina mama, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi hotelini. Wakapungua, mwisho wakaisha. Kuna binti mmoja wa chuo, mpole, nimemzoea kama mwanangu. Nikamuuliza mbona siku hizi anakuja kuprinti tu. Akaona aibu kidogo, kisha akatoa simu akanionyesha.

Siku hiyo nilikuwa na barua ya kamati ya shule mezani, inamwalika mfadhili wa nje kwenye kikao. Akaipiga picha, akaiambia simu itafsiri. Shangazi, sikuwahi hata kuvaa miwani, imeshamaliza. Kiingereza kimenyooka kuliko changu. Nilihisi miguu inaniisha nguvu. Nikaisoma taratibu, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma kazi zangu. Kwenye barua ya Kiswahili kikao ni saa tatu asubuhi. Yule mgeni alikuwa anaambiwa aje saa tisa za usiku! Tulicheka sana na yule binti. Nilipofunga duka jioni, kicheko kilikuwa kimeisha.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Kijana wangu mkubwa amemaliza kidato cha sita, anataka kusoma sayansi ya kompyuta. Kutwa anazungumzia akili mnemba, yaani hii AI iliyomo kwenye simu na kompyuta, macho yanang'aa. Ananiambia, "Mama, gari hili linaondoka, tupande." Baba yake ni mwalimu wa sekondari. Juzi amesahihisha insha akakuta 11 zinafanana mpaka mifano, akarudi nyumbani hataki hata kula. Anasema kitu hiki kitaua akili za watoto kabla hakijaua kazi zetu, na kwamba hata waliokiunda wenyewe wanasema kinaweza kuwamaliza wanadamu wote. Wakikaa sebuleni wawili hao, chakula kinapoa.

Kisha yakampata mama mkwe wangu wa Mbagala. Alitumiwa video ya kiongozi anayemheshimu, sauti ni yake, mdomo unakwenda na maneno, anasema kuna mkopo wa wajane usio na riba, lipia fomu tu. Alituma shilingi 85,000. Video ilikuwa ya kughushi. Mpaka leo anarudia neno moja: "Lakini nilimuona kwa macho yangu." Sasa hata sisi tukimpigia anatuuliza maswali kama polisi.

Shangazi, nimepokea pesa ya kikoba, milioni moja na laki nne. Baba watoto anataka ninunue mashine ya pili ya kutolea kopi, iliyotumika, Kariakoo zipo. Kijana anataka laptop. Mimi naogopa mashine ya kopi itakaa bila kazi, na naogopa laptop nayo inampeleka mwanangu kwenye kazi ambayo akimaliza chuo haitakuwepo. Usiku silali. Niambie ukweli, usinibembeleze. Jambo hili nilifurahie au niliogope? Na hela niiweke wapi?

Mama wa Steshenari, Sinza


Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye saa tatu asubuhi.

Nikueleze kwanza kwa nini simu ilikosea, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi. Mashine za aina hii hulishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani kwa kawaida hufuata neno gani, kisha zikiulizwa zinapanga maneno kwa mazoea hayo. Hazijawahi kusimama Sinza jua likichomoza saa kumi na mbili. Maandishi mengi ziliyolishwa yametoka kwa watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane, na yetu ya Kiswahili ni machache mno. Ikaona tatu, ikaandika tatu ya wengi. Ilikosea kwa sauti ileile ya uhakika ambayo huwa nayo ikipatia, ndiyo maana yule binti asingegundua.

Lakini usijenge nyumba juu ya kosa hilo. La saa watalirekebisha, pengine wakati unasoma jibu hili limeshanyooka. Mwaka 1997 kompyuta ilipomshinda bingwa wa sataranji, Garry Kasparov, watu walijifariji kwamba mchezo wa go wa Waasia ni mgumu zaidi, huko haitafika. Mwaka 2016 kompyuta nyingine ikamshinda bingwa wa go, Lee Sedol wa Korea Kusini, michezo minne kati ya mitano. Anayekwambia "hili haitaliweza kamwe" mpuuze kwa upole.

Swali ninalotaka ulibebe ni jingine. Yule mgeni angefika shuleni saa tisa za usiku akamkuta mlinzi na mbwa, mwalimu mkuu angemrudia nani? Simu ya binti? Angekuja dukani kwako, barua mkononi, na wewe ungesimama ukaomba radhi na kurudisha elfu tano yake. Kwenye biashara yako kuna mtu wa kuulizwa. Kwenye ile simu hayupo. Mimi kila habari ya akili mnemba ninayoletewa naipima hapo: likiharibika, nani ataulizwa? Akiwepo mtu huyo, na anajulikana, nafurahi pamoja na kijana wako. Asipokuwepo, naogopa pamoja na mume wako.

Umesema nisikubembeleze. Basi nikusimulie ambayo huwa siyaandiki.

Nilisomea uhazili Tabora, nikaanza kazi 1983 katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Tulikuwa wanawake watano kwenye chumba cha kuchapa. Asubuhi unapanga karatasi, kaboni katikati, nakala tatu au nne, unazigonga mezani zilingane, unazungusha kwenye taipureta. Ukikosea herufi unapaka wino mweupe kwenye ile ya juu, kisha unafunua kaboni moja moja unafuta na zile za chini. Kengele za mwisho wa mstari zilikuwa zinalia tano kwa wakati mmoja, mtu wa nje asingeweza kukaa humo dakika kumi. Aliyetushinda wote kwa kasi alikuwa dada mmoja wa Kilwa. Anachapa huku anakuangalia usoni anakupigia hadithi, na ukurasa unatoka safi.

Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kompyuta, na kipindi hichohicho serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Tulibaki wawili. Dada wa Kilwa alikuwa wa kwanza kuitwa. Kasi yake ndiyo ilikuwa mali yake, na kasi sasa ilikuwa inauzwa ndani ya boksi. Hakuna aliyemwambia njoo tukufundishe. Alipewa kiinua mgongo chake kidogo, akaanza kukaanga maandazi Temeke, na vidole vile vikaishia kwenye unga. Nililia naye mlangoni. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nikichapa nasoma. Bosi akiandika jumla isiyolingana, au akimtaja mtu kwa cheo alichokwisha kuvuliwa, nilikuwa nagonga mlango namuuliza. Sikuwa bora kuliko yule dada. Kilichotokea ni kwamba mimi nilikuwa nimezoea kuulizwa na kuuliza, na hicho boksi halikuja nacho.

Kwa hiyo mtu akikwambia teknolojia ikiua kazi moja huzaa mbili, mwambie namjua aliyeuawa kazi yake, na hizo mbili hazikumfikia yeye. Kuhofia ugali wa watoto ni akili timamu, mwanangu, usione haya.

Sasa nije kwa baba watoto. Hajatunga. Geoffrey Hinton, mzee aliyetumia maisha yake kujenga misingi ya mashine hizi, aliondoka Google Mei 2023 ili apate uhuru wa kusema hatari zake. Mwezi huohuo yeye na wataalamu wengine mamia walitia saini tamko la sentensi moja tu, kwamba kupunguza hatari ya akili mnemba kuangamiza binadamu kupewe uzito sawa na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Watu wa namna hiyo wakipiga kelele, mimi sitamwambia mwalimu anyamaze. Lakini mwambie na haya. Mwaka 2018 Hinton alipata tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, pamoja na Yoshua Bengio na Yann LeCun. Bengio ana hofu kama yake, LeCun anasema hofu hiyo imetiwa chumvi. Wametunukiwa pamoja, wanaijua mashine kuliko sisi sote, na hawapatani. Tena Hinton huyohuyo alisema 2016 kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, ndani ya miaka mitano mashine itakuwa imewapita. Miaka imepita, hospitali bado zinawatafuta. Hata mwenye macho makali kuliko wote hakuiona tarehe sawasawa, kwa hiyo mume wako asijinyime chakula kwa ajili ya tarehe asiyopewa na mtu.

Kuhusu zile insha 11, namwonea huruma kweli, na nadhani hasira yake ni ya mwalimu anayependa wanafunzi. Asizichane. Amwite kila mtoto mbele ya meza, amsomee sentensi moja ya insha yake, amuulize: hapa ulimaanisha nini? Atakayejibu, ampe alama zake hata kama alisaidiwa. Atakayeduwaa atakuwa amejifunza somo siku hiyo. Huko Marekani, Juni 2023, mawakili wawili wa New York na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilizitunga, hazikuwahi kuwepo. Jaji hakuiita mashine kizimbani. Aliwauliza waliotia saini. Kisa hicho akisome darasani, watoto watakikumbuka.

Kijana wako naye asionekane mtoto anayeota. Ana haki ya kung'aa macho. Mwaka 2024 nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper, kwa mashine inayobashiri umbo la protini, kazi ambayo zamani ilimlaza mtafiti maabara miaka kwa protini moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zitumike kusoma picha za kifua kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Fikiria zahanati ya mbali yenye mashine ya eksirei na isiyo na daktari wa kuisoma. Na karibu zaidi na kwetu, ipo programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inamwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, hata pasipo na mtandao. Picha za kuifundisha zilipigwa kwenye mashamba ya hapahapa Tanzania. Mimi ni mtoto wa wakulima wa muhogo. Michirizi ya kahawia huwa inakudanganya, juu jani linapendeza, ukichimba mzizi umeoza, msimu umekwenda. Niliposikia habari ya Nuru nilimkumbuka baba yangu akiwa ameinama shambani na jembe, akivunja muhogo mmoja baada ya mwingine bila kusema neno. Hiyo ni furaha ya kweli, na siionei aibu. Na hapo bado yupo bwana shamba wa kumuuliza.

Mama mkwe ndiye aliyenigusa zaidi. Msimwambie alikuwa mjinga. Kwa miaka yote ya uhai wake, kumuona mtu akisema kulikuwa ni ushahidi, na kanuni hiyo imebadilishwa bila yeye kuambiwa. Tumezoea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," tunaufuta tunacheka. Huu wa sasa una uso na sauti. Hong Kong, mapema 2024, ilibainika kwamba mhasibu wa kampuni kubwa ameidhinisha malipo ya karibu dola milioni 25 baada ya mkutano wa video uliojaa sura za mabosi wake, zote za kughushi. Mtu wa ofisini, msomi, na aliona kwa macho yake kama mama. Mhadithieni kisa hicho, kitampunguzia aibu. Na maswali yake ya polisi yaacheni, yana maana. Kaeni naye mchague neno moja la familia, lisiwe jina la mtu wala la mtaa, lisiandikwe kwenye simu ya yeyote. Anayepiga kuomba pesa alitaje. Asipolitaja, mama akate simu na ampigie mhusika kwa namba anayoijua, hata kama sauti inalia.

Mjue pia kwamba hamko uchi kisheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Ndani yake mtu anaweza kudai kwamba uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mtambo peke yake. Umoja wa Ulaya nao una sheria mahsusi ya akili mnemba tangu Agosti 2024. Sheria hazitoshi, nakubali. Lakini siku mtoto wako atakaponyimwa mkopo au kazi na kompyuta, aingie ofisini aulize jina la mtu aliyeamua, asikubali kuambiwa "mfumo umekataa." Neno hilo "mfumo" ndilo ninaloliogopa mimi kuliko roboti yoyote.

Haya, hela.

Mashine ya pili ya kopi usinunue. Chukua kama laki mbili, ile uliyonayo ibadilishwe dramu na ifanyiwe sevisi kamili. Laptop nunua, iliyotumika, isizidi laki saba, na muende wote wawili kuikagua. Laki tano zilizobaki ni za kijana kuanzia chuo, zisiguswe kwa arusi wala kwa kitenge.

Laptop hiyo itakaa dukani mpaka chuo kifunguliwe, na kijana akae nayo hapo kaunta. Ukutani, chini ya bei za kopi, bandika huduma mpya: tunakagua tafsiri na barua zilizoandikwa na simu, shilingi 2,000 kwa ukurasa. Wale wateja waliokukimbia hawajaacha kuandika barua. Wanaandika nyingi zaidi, na hawajui ni ipi ina saa tisa za usiku ndani yake. Kijana aitumie mashine kutafsiri, wewe usome, na kila kosa mnalolinasa aliandike kwenye kauntabuku: tarehe, mashine ilisema nini, ilipaswa kusema nini, kwa nini. Makosa ya saa, ya undugu, ya shangazi kuwa mama mdogo, ya jina la mtaa kuwa neno la kawaida. Akifika chuoni na kauntabuku lililojaa, atakuwa na kitu ambacho wengi wa wenzake darasani hawana, kwa sababu Kiswahili kinahitaji watu wanaojua mashine inaangukia wapi.

Na mzazi akija na bahasha ya kaki, hata kama mwanawe ana simu yenye kila kitu, mpokee kama ulivyompokea mwaka jana. Amepanda magari mawili toka Mkuranga, mpaka kufika mlangoni kwako amepita vibanda vingapi vyenye intaneti. Anajua fomu ya Bodi ya Mikopo ikikosewa namba moja ya cheti mtoto anaweza kukosa mwaka. Amekuja kwa mtu ambaye kesho atamkuta palepale.

Msimu ukiisha niandikie. Nataka kujua benchi lilikuwaje.

Shangazi yako